Kuanzisha podikasti ya akina baba wenye mgogoro wa malezi ya mtoto: mwongozo kwa Mbeya, Iringa na Nyanda za Juu Kusini

Podikasti ya akina baba inaweza kumsaidia mzazi arudi kwenye maisha ya mwanawe, na inaweza pia kumharibia shauri lililokuwa linakwenda vizuri. Sauti ikishapanda mtandaoni ni ushahidi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu mahakama kupokea rekodi za kielektroniki, na wakili wa upande wa pili akimsikia baba akimtukana mama wa mtoto ndani ya kipindi chenu, hahitaji tena shahidi wa hasira zake. Ndiyo maana kila uamuzi ulioelezwa hapa, kuanzia jina la kipindi hadi mahali pa kubana maiki, unapimwa kwa swali moja: kipindi hiki kikitoka, mtoto anayezungumziwa atabaki salama?

Maelezo haya ni kwa kikundi kidogo cha watu watatu hadi watano wenye simu moja nzuri, kompyuta ya kushirikiana na mwanasheria mmoja aliye tayari kuwapa muda wake.

Hatua ya kwanza: amueni mnamsemea nani, na kwa lugha gani

Msikilizaji wenu wa Nyanda za Juu Kusini mara nyingi ni baba anayeishi mbali na mtoto kwa sababu ya kazi. Ni dereva wa lori kati ya Tunduma na Dar es Salaam, mchimbaji wa Chunya, mfanyakazi wa mbao Mafinga au wa chai Mufindi na Rungwe, mvunaji wa mpunga anayehamia Mbarali au Kyela kwa msimu. Hii inaamua mambo mawili. Kwanza, tatizo lake kubwa mahakamani halitakuwa kwamba hampendi mtoto, bali kwamba hakuwepo, na vipindi vyenu vimwonyeshe namna ya kuwepo kwa njia inayoonekana na inayoweza kuthibitishwa. Pili, anasikiliza akiwa barabarani au mahali penye mtandao hafifu, kwa hiyo faili liwe dogo na kipindi kisizidi dakika 25 hadi 30.

Andikeni sentensi moja ya lengo na muibandike ukutani mnaporekodia. Mfano: “Tunamsaidia baba aliyetengana na mzazi mwenzake aendelee kumlea mtoto kwa njia ya sheria na amani.” Kipindi chochote kisichotimiza sentensi hiyo hakirekodiwi, hata kama kitavuta watu wengi. Jina lifuate mkondo huohuo. Jina linalotangaza vita dhidi ya wanawake litawavutia wenye hasira na kuwafukuza watu mnaowahitaji mno: afisa ustawi wa jamii, hakimu mstaafu, mwalimu, na yule mama ambaye angekubali kukaa mezani. Kabla ya kulipitisha, litafuteni kwenye Spotify, YouTube na Apple Podcasts msije mkabeba jina la wengine.

Kubalianeni pia maneno. Semeni “mzazi mwenzako”, si “yule mwanamke”. Semeni “kukaa na mtoto” na “kumlea”, si “kumchukua” wala “kushinda kesi”. Mtangazaji akikosea, fundi asimamishe rekodi pale pale na sentensi irudiwe.

Hatua ya pili: watu na vibali

Mnahitaji mtangazaji, fundi wa sauti, na mhariri ambaye kazi yake ni kusikiliza kila kipindi kabla hakijatoka akitafuta chochote kinachoweza kumtambulisha mtoto. Mhariri asiwe mtangazaji, kwa sababu aliyezungumza na mgeni kwa saa nzima hukosa masikio mapya. Awepo mwanamke katika kikundi, mwenye sauti kamili ya kuzuia kipindi. Atasikia kabla yenu ni wapi maelezo ya baba yanageuka vitisho.

Mwanasheria anapatikana kupitia Chama cha Mawakili Tanganyika au kwa watoa msaada wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Vyuo vinavyofundisha sheria navyo ni mlango mzuri: Chuo Kikuu cha Iringa na Chuo Kikuu Katoliki cha Ruaha kwa walioko Iringa, na Ndaki ya Mbeya ya Chuo Kikuu Mzumbe kwa walioko Mbeya. Mwombeni kitambulisho cha kazi hata akiwa ameletwa na rafiki. Mawakili vishoka hupenda vipindi kama hivi kwa sababu vinawaletea wateja waliokata tamaa.

Kuhusu vibali, nendeni kwenye ofisi ya kanda ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) iliyoko Mbeya mkiwa na barua ya ukurasa mmoja inayoeleza maudhui, urefu wa vipindi, mtakakovirusha na kama mtapokea matangazo ya biashara. Ombeni jibu la maandishi la kama mnahitaji leseni chini ya Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2020 na marekebisho yake. Kipindi cha malezi na kipindi cha habari haviangaliwi sawa, kwa hiyo barua iseme wazi kwamba hamtoi habari za matukio. Pia mtakuwa mnahifadhi majina, namba za simu na habari za familia za watu. Hilo linawaingiza kwenye Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Ulizeni Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi kuhusu usajili kabla hamjaanza kukusanya namba za watu.

Hatua ya tatu: ijueni sheria mtakayoizungumzia

Hapa ndipo vipindi vingi vya mitaani hupotosha, na hapa ndipo mtumie muda mwingi kuliko popote.

Sheria mbili zinabeba karibu kila swali litakalokuja. Sheria ya Ndoa ya 1971, Sura ya 29, inahusu uangalizi wa watoto ndani ya mashauri ya ndoa. Sheria ya Mtoto ya 2009, Sura ya 13, inamhusu kila mtoto aliye chini ya miaka 18, awe wa ndoa au wa nje ya ndoa. Zote mbili zinatanguliza maslahi ya mtoto kuliko ya baba au mama. Chapisheni nakala zenu, na namba ya kifungu ihakikiwe na mwanasheria kwenye toleo linalotumika kabla haijatajwa hewani.

Mada ya miaka saba itengewe kipindi kizima. Wapo akina baba wanaoamini kwamba mtoto akifikisha miaka saba anahamia kwa baba moja kwa moja, na wengine wanaamini kwamba kabla ya hapo baba hana la kusema. Yote mawili si kweli. Kifungu cha 125 cha Sheria ya Ndoa kinaweka dhana kwamba ni vema mtoto wa chini ya miaka saba akae na mama, lakini dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Kifungu hichohicho kinaitaka mahakama iangalie ubaya wa kumsumbua mtoto kwa kumhamishahamisha. Kwa hiyo siku ya kuzaliwa ya saba haibadilishi kitu yenyewe. Baba anayeomba mtoto wa miaka minane atoke kwa mama aliyemlea vizuri tangu kuzaliwa ana kazi ngumu, na baba aliyemlea mtoto wa miaka mitano peke yake kwa miaka miwili ana hoja nzito. Mwelezeni hivyo bila kumpamba.

Kifungu cha 39 cha Sheria ya Mtoto kinaorodhesha mengine yanayopimwa: umri na jinsia ya mtoto, umuhimu wa kuwa na mama, maoni ya mtoto kama ameyatoa kwa hiari yake, kutowatenganisha ndugu, na mwendelezo wa malezi. Kila kimojawapo kinatosha kipindi. Kipindi cha mwendelezo kiwe na mwalimu wa shule ya msingi aeleze nini kinamtokea mtoto anayehamishwa katikati ya muhula kutoka Uyole kwenda Njombe.

Mila haikwepeki. Katika jamii nyingi za huku, Wanyakyusa, Wahehe, Wabena na Wakinga wakiwemo, mtoto huhesabiwa wa ukoo wa baba, na aliyetoa mahari hudhani amemaliza mjadala. Sheria ya Ndoa inaitaka mahakama izingatie mila za jamii husika, lakini baada ya maslahi ya mtoto kuwekwa mbele. Mwalikeni mzee wa ukoo pamoja na mwanasheria katika kipindi kimoja, na muwape nafasi ya kuulizana maswali. Msimdhihaki mzee. Wasikilizaji wenu wengi watapeleka mgogoro kwake kabla ya kwenda mahakamani, na mzee aliyeelewa sheria husuluhisha mengi yasiyofika huko.

Makosa matatu yarudiwe kukemewa katika kila msimu, kwa sababu ndiyo yanayowaangusha akina baba. La kwanza ni kusitisha matunzo kwa kuwa mama amezuia kumwona mtoto. Wajibu wa baba kumtunza mtoto uko kwenye kifungu cha 129 cha Sheria ya Ndoa na kwenye Sheria ya Mtoto, na haukomi kwa sababu mtoto yuko kwa mwingine. Haki ya kumwona inaombwa mahakamani, haibadilishwi kwa unga na ada. La pili ni kumchukua mtoto shuleni kimyakimya na kumpeleka kwa bibi kijijini. Sheria ya Mtoto inakataza kumwondoa mtoto isivyo halali kwa mtu mwenye haki ya kukaa naye, na hata pale ambapo hakuna amri bado, tendo hilo litasomwa mbele ya hakimu kama ushahidi kwamba baba hajali utulivu wa mtoto. La tatu ni kutoa fedha mkononi bila kumbukumbu. Baba atunze jumbe za miamala ya simu, stakabadhi za ada na za sare, vyeti vya kliniki, na daftari dogo la tarehe alizompigia au kumtembelea mtoto. Jumbe za simu hupotea simu ikiharibika, hivyo azichape au aziombe upya kwenye kampuni yake ya simu mapema.

Kuna njia mbili za kufika mahakamani na wasikilizaji huzichanganya. Anayetaka talaka anaanzia Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, la kata au lililotambuliwa la dini, na baraza likishindwa kuwapatanisha linatoa hati ya kuthibitisha hivyo, ambayo kifungu cha 101 cha Sheria ya Ndoa kinaitaka isipokuwa katika mazingira yaliyotajwa na sheria. Asiyedai talaka, au ambaye hakufunga ndoa, anaweza kuomba uangalizi au haki ya kumtembelea mtoto chini ya Sheria ya Mtoto katika Mahakama ya Watoto. Huko mashauri husikilizwa faragha na afisa ustawi wa jamii anahusika, ikiwa ni pamoja na kutembelea nyumba na kuandika taarifa. Waliokaa pamoja miaka miwili au zaidi wakitambulika kama mke na mume waelezwe kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa kuhusu dhana ya ndoa.

Kwa baba ambaye uzazi wake unapingwa, jina kwenye cheti cha kuzaliwa cha RITA ni mojawapo ya ushahidi, na kipimo cha vinasaba hufanywa na Mkemia Mkuu wa Serikali kwa maombi yanayopitia kwa mamlaka kama mahakama au ustawi wa jamii. Mwonyeni asipeleke nywele za mtoto kwenye maabara za vichochoroni.

Mkitaka kueleza jinsi majaji walivyoamua, someni hukumu zenyewe kwenye TanzLII, tovuti ya sheria na hukumu za Tanzania, ambako zinapatikana bure, zikiwemo za Mahakama Kuu ya Mbeya na ya Iringa. Elezeni hoja za hukumu, msitaje majina ya familia hata kama yameandikwa.

Hatua ya nne: chumba na vifaa

Kipaumbele ni chumba, kisha maiki, mwisho programu. Chagueni chumba cha kulala chenye godoro, mapazia mazito na nguo zilizotundikwa. Sebule ya vigae na kuta tupu inarudisha mwangwi ambao hakuna programu itakayouondoa vizuri. Tandikeni blanketi mezani na mtundike mengine mawili nyuma ya mzungumzaji.

Adui mkubwa wa huku ni bati. Kati ya Novemba na Aprili mvua hupenda kushuka mchana na jioni, kwa hiyo rekodini asubuhi. Kwa Tukuyu, ambako mvua ni nyingi kuliko sehemu nyingi za nchi, tafuteni chumba chenye dari au jengo la ghorofa, mkae ya chini. Zimeni friji, mfunge madirisha ya upande wa bodaboda, na muulize kanisa la jirani lina mazoezi ya kwaya saa ngapi.

Maiki ya kubana kifuani yenye waya, kama BOYA BY-M1, inatosha kuanzia. Mnahitaji mbili. Waya wake una mita sita, na kidude chake cha katikati kina swichi: ukitumia simu iwe upande wa simu, ukiiweka upande wa kamera sauti hukwaruza au hupotea. Simu isiyo na tundu la mviringo inahitaji kiunganishi, na kiunganishi cha kuchajia peke yake hakipitishi sauti, kwa hiyo jaribuni dukani kabla ya kulipa. Banieni maiki upana wa kiganja chini ya kidevu. Juni na Julai wageni wa Makete na Njombe huja na majaketi ya nailoni yanayochakarisha kila wakipumua. Mpeni mgeni blanketi begani, jaketi livuliwe, maiki ibanwe kwenye sweta.

Mkipata fedha zaidi, nunueni maiki ya mkononi aina ya dainamiki yenye USB, kama Samson Q2U. Inakaa sentimita 10 hadi 15 kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili pumzi za “p” na “b” zisiipige, na haichukui kelele za chumba kama maiki za studio zenye hisia kali, ambazo kwenye nyumba ya bati ni hasara.

Simu iwe na chaji kamili, kwenye hali ya ndege, na nafasi ya GB 2. Umeme ukikatika rekodi inaendelea. Rekodini faili la WAV la mono (chaneli moja), kilohezi 44.1 au 48, biti 16. Dakika moja inachukua karibu MB 5, hivyo saa nzima ni kama MB 320. Mshale wa sauti ucheze kati ya desibeli −12 na −6. Ukigonga sifuri sauti imepasuka na haitengenezeki.

Hatua ya tano: kumpokea mgeni

Mzungumzeni kwa simu siku mbili au tatu kabla, bila kurekodi, kwa dakika 30 hivi. Mnatafuta majibu ya maswali manne: shauri liko mahakamani sasa? Kuna amri yoyote, hata ya muda? Kuna taarifa ya ukatili iliyofunguliwa Dawati la Jinsia na Watoto la polisi? Wakili wake anajua kwamba anakuja? Shauri likiwa linaendelea, asirekodiwe akisimulia kisa chake. Mpeni mwanasheria wa kumsikiliza na mumwalike baada ya hukumu. Mtu anayetuhumiwa ukatili dhidi ya mtoto au mama hapewi maiki.

Fomu ya ridhaa iwe ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili chepesi: nini kinarekodiwa, kitasikika wapi, jina gani litatumika, nani ataona jina halisi, na kwamba anaweza kujiondoa ndani ya siku saba baada ya kurekodi bila kueleza sababu. Nakala mbili, moja yake. Kipindi kisitoke kabla siku hizo hazijaisha. Fomu zenye majina halisi zifungiwe kabatini, zisipigwe picha na kuwekwa kwenye kundi la WhatsApp la kikundi.

Kuficha utambulisho ni kazi zaidi ya kubadili jina. Huku tunamwita mwanaume kwa jina la mtoto wake, na mtangazaji akiteleza akasema “karibu Baba Fulani”, mtoto ametajwa mbele ya darasa lake zima. Mwiteni kaka, mzee au ndugu kulingana na umri wake. Kisha badilisheni au ondoeni kazi, kata, shule, idadi ya watoto na mwaka. “Mwenye duka la pembejeo Makambako mwenye mapacha” hana haja ya jina. Kuinua au kushusha sauti kwa programu hakutoshi, maana mwingine anaweza kuirudisha kinyume kwa kiasi kilekile. Anayehitaji kufichwa kweli, maneno yake yaandikwe na mtu mwingine ayasome, na msikilizaji aambiwe hivyo.

Watoto hawarekodiwi. Hata mtoto wa miaka 15 anayeomba mwenyewe, hata kusalimia tu, hapana. Akisikika akimsifu baba kwenye kipindi, upande wa pili utasema amefundishwa, na maoni yake mbele ya hakimu yatapungua uzito.

Hatua ya sita: kurekodi

Mgawanyo wa dakika 25 unaofanya kazi ni huu: dakika moja ya utambulisho na onyo, nne za kisa au swali la msikilizaji, kumi na mbili za mtaalamu, sita za mambo ambayo baba anaweza kuyafanya wiki hiyo, na mbili za kutaja namba za msaada na kuaga.

Onyo lisomwe kila kipindi: “Tunayozungumza ni elimu ya jumla, si ushauri wa kisheria kwa shauri lako. Majina na baadhi ya mambo yamebadilishwa. Ukimtambua mtu, tafadhali usimtaje.”

Maswali ya mtangazaji yamvute baba kutoka kwenye ugomvi hadi kwa mtoto. Mwalimu wake wa darasa anaitwa nani? (Ajibu moyoni, asilitaje.) Mara ya mwisho kliniki au hospitali alipelekwa kwa tatizo gani? Akija kwako atalala wapi na nani atakuwa nyumbani wakati uko safarini? Ana mazoea gani kabla ya kulala? Baba anayejibu haya anajiandaa pia kwa ziara ya afisa ustawi wa jamii. Asiyeweza kujibu ameshajua pa kuanzia, na mtangazaji amwambie kwa upole kwamba ataanzia hapo bila aibu.

Sehemu ya “fanya wiki hii” iwe ya vitendo. Mfano, wazazi wametengana, mmoja Iringa mwingine Mbeya, zaidi ya kilomita 300 za barabara. Pendekezo la kumwona mtoto kila Jumamosi litavunjika mwezi wa kwanza. Linaloshika ni la likizo za shule kugawanywa, simu mara mbili kwa wiki saa moja usiku, nani analipa nauli, na mtoto anakabidhiwa kwa nani kituoni. Mtaalamu amsaidie msikilizaji kuandika hayo kwenye karatasi moja ya kupeleka kwa baraza, ustawi au wakili.

Mgeni aliye mbali asirekodiwe kupitia simu ya WhatsApp, sauti hukatika. Ajirekodi mwenyewe kwa kinasa sauti cha simu yake, sentimita 20 kutoka mdomoni, huku mkiongea naye kwa simu nyingine yenye visikilizi. Mwanzoni pigeni kofi moja pamoja ili mhariri aweze kulinganisha faili. Atume kama waraka, si kama ujumbe wa sauti, kwa kuwa ujumbe wa sauti hubanwa na kupoteza ubora.

Hatua ya saba: kuhariri

Tumieni Audacity, programu ya kuhariri sauti, ni bure. Fuateni mpangilio huu na msiruke: kateni yasiyotakiwa, ondoeni mngurumo wa chini ya hezi 80, punguzeni kelele za chumba kwa desibeli 6 hadi 9, sawazisheni sauti za juu na chini, kisha pandisheni ukubwa wa jumla hadi LUFS −16 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti unavyosikika), kile kisanduku cha kuhesabu mono kama chaneli mbili kikiwa kimewekewa alama. Mkipunguza kelele kupita kiasi, sauti ya mtu itasikika kama anaongea ndani ya maji. Hakuna kinachofukuza msikilizaji wa garini haraka kama hicho.

Mnapokata, msibadili maana. Baba aliyesema “nilikosea, lakini pia nilizuiwa” asibakishiwe nusu moja.

Muziki wa kufungulia uwe wa sekunde 8 hadi 12, uliopigwa na kijana wa mtaani kwenu kwa makubaliano ya maandishi. Msichukue wimbo wa msanii bila kibali. YouTube itaukamata, na hakimiliki inasimamiwa na COSOTA, Ofisi ya Hakimiliki Tanzania.

Toeni MP3 ya mono, kilobiti 64 kwa sekunde. Dakika 30 ni karibu MB 14, saizi inayopita vizuri WhatsApp na isiyomaliza bando la mtu.

Hatua ya nane: kusambaza

Fungueni akaunti ya bure ya Spotify for Creators kwa barua pepe ya kikundi, si ya mtu mmoja, kwani akiondoka anaondoka na podikasti. Picha ya jalada iwe mraba wa pikseli 3000 kwa 3000, isiyo na sura ya mtoto. Huduma hiyo itawapa anwani ya RSS, yaani kiungo kinachopeleka vipindi vyenu kwenye majukwaa mengine, ambayo mtaiwasilisha Apple Podcasts na YouTube. Andaeni vipindi vitatu vilivyokamilika kabla ya kutangaza cha kwanza, na mtoe kimoja kila wiki mbili. Kila wiki ni haraka mno kwa kikundi kinachohakiki sheria.

Kwa wasikilizaji wenu, WhatsApp itafika mbali kuliko vyote. Tumieni chaneli, ambamo wasikilizaji hawaonani namba, badala ya kundi. Katika kundi, baba mwenye hasira atapandisha picha ya mtoto au ya mama saa tano usiku nanyi mmelala. Nakala za vipindi zipelekeni pia kwa redio za jamii na kwenye ofisi za ustawi wa jamii za halmashauri, ambako akina baba husubiri kwenye benchi kwa muda mrefu.

Hatua ya tisa: simu zitakazoingia

Laini ya kipindi iwe yake peke yake, na saa za kupokea zitangazwe. Aliyepokea asitoe ushauri wa kisheria wala kuandika hati za mahakama. Aandike tarehe, tatizo kwa sentensi mbili, na alikomwelekeza. Mtoto aliye hatarini, namba ni 116, ya bure. Ukatili, Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Dharura, 112. Baba akisema anataka kujidhuru au kumdhuru mtu, msikate simu: mmoja abaki naye akiongea, mwingine amtafute ndugu yake aliye karibu na polisi, kisha apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Hayo myafanyie mazoezi kabla ya kipindi cha kwanza, maana simu ya namna hiyo haisubiri mkutano wa kikundi.

Ombi la kufuta kipindi litakuja, mara nyingi kwa sababu njema: wazazi wamepatana, au shauri limefunguliwa upya. Futeni siku hiyohiyo kwenye Spotify na YouTube, mtume tangazo kwenye chaneli mkiwaomba wasikilizaji wafute nakala zao bila kueleza sababu, na mwelezeni mgeni ukweli kwamba zilizokwisha kusambaa kwenye simu za watu hamwezi kuzirudisha. Mwambieni hilo tangu siku ya kusaini fomu, kabla hajabana maiki.